Nyumba Bila Kizingiti

Jumatatu, 7 Aprili

Dada yangu Kanini ametuma picha nyingine kwenye grupu ya familia. Mama anatoka nje peke yake. Kiti cha magurudumu, leso mpya, meno yote nje. Anateremka juu ya mlango mbovu ambao Kanini ameulaza kizingitini uwe mteremko. Mlango! Bado una tundu la ufunguo. Shangazi zetu wa Kitui wakammwagia baraka. Mmoja akaandika kwamba kuzaa binti ndiko kuzaa. Nilisoma hayo chini ya meza ofisini, nikagonga muhuri kwenye shati langu badala ya barua.

Tangu miguu imkatae mwaka jana, Mama anakaa kwa Kanini, Kibera. Mimi sikuulizwa. Mimi ndiye kitinda mimba. Mimi ndiye niliyesoma.

Nimeamua. Mama atahamia kwangu, hapa mtaa wa Kongo, Kawangware. Nyumba ya mawe, si mabati kama ya watu fulani. Kasoro ni moja: kizingiti cha saruji mlangoni, karibu kifike magotini. Nimemwalika Jumamosi, alale siku mbili. Akionja, hatoki.

Jumatano, 9 Aprili

Kizingiti kimevunjwa. Nilijisingizia homa ofisini, nikamleta fundi Nashon wakati Mzee Kiarie, mwenye ploti hii ya kupanga, yuko kwenye duka lake pale steji ya 56. Namwogopa Mzee Kiarie. Akinisalimia tu, mimi huomba msamaha.

Jirani yangu Akeyo alikuwa akifua. Akauliza, "Karani, hicho kizingiti kilikukosea nini?" Nikamweleza kwamba nyumba ya kisasa lazima iingilike bila kikwazo. Akasema hata mvua itafurahi kusikia hivyo. Nashon akacheka mpaka akaangusha nyundo. Wivu tu. Mlango wa Akeyo bado una kizingiti chake.

Jioni Mzee Kiarie akapita. Nikasimama mlangoni kuficha pengo, miguu nimeitanua. Akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Akasema nijaribu tangawizi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama amefika. Kanini alimsukuma hadi uani, kisha Mama akamwambia aachie. Akaingia mwenyewe, kama ofisa anayekagua. Nilimtazama Kanini usoni nione kama anaumia. Alikuwa anapiga miayo. Mtu akiumia sana hujificha hivyo.

Kanini alipoondoka, Mama akatoka nje. Akarudi ndani. Akatoka tena. Akauliza hapa watu wanapiga gumzo wapi. Nikasema hapa ni pa kupumzika. Akasema amepumzika tangu mwaka jana. Kule kwa Kanini huteremka asubuhi hadi kwa Saadia muuza bhajia, anamenya viazi, anasikia habari za Kibera yote kabla jua halijawaka. Saadia huyo humwita "dada yangu". Sijui nani alimpa ruhusa.

Kisha akauliza choo. Choo kiko mwisho wa ploti, juu ya ngazi. Sikuwa nimefikiria choo. Mimi na Akeyo tulimbeba. Mama akasema kwa upole kwamba Mzee Abdulmajid, mwenye nyumba wa Kanini, aling'oa mlango wa choo akatundika pazia, ili kiti kipite. Kwa hiyo sasa nashindana pia na pazia.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Uani pakajaa. Maji yakaja hadi mlangoni, hayakukuta cha kuyazuia, yakaingia kama Mama alivyoingia: taratibu, bila kusaidiwa. Viatu vyangu vya ofisini vilizunguka meza. Mama aliketi kitini katikati ya ziwa, leso ameikunja mapajani, akasema kwa Kanini huvuja kutoka juu tu.

Akeyo akaja na sufuria, akachota maji huku akitazama pengo la kizingiti. Ningependa angetazama kwingine. Mzee Kiarie naye akaja. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akauliza kama tangawizi ilisaidia. Nikaomba msamaha. Akasema kizingiti kirudi kabla ya Jumanne au mimi niondoke.

Kanini alimfuata Mama kwa pikapu ya Mzee Abdulmajid. Kabla ya kupanda, Mama akanishika mkono. Akasema, "Mbuvi, mimi sitafuti nyumba. Natafuta pa kutokea. Ukinitaka, njoo Jumamosi ukae nami kwa Saadia. Viazi ni vingi."

Nilimwelewa vizuri. Wamemlisha maneno.

Jumanne, 15 Aprili

Tatizo nimelipata. Ni maji.

Nashon amerudisha kizingiti, na nimemwambia akipandishe zaidi ya kile cha zamani. Mzee Kiarie akakigonga kwa kiatu, akaniita kijana mwenye akili. Mara ya kwanza tangu nihamie.

Sikuishia hapo. Kitanda atakacholalia Mama nimekiinua juu ya matofali, kimefika kifuani pangu. Jiko nimelipandisha juu ya kabati. Hata mafuriko yaje, Mama hatalowa unyayo. Nimepanda kitandani kukijaribu. Kuna hewa safi kule juu. Kanini hawezi kuwa na kitanda kama hiki. Mabati yake yangemkwaruza paji la uso.

Kimebaki kitu kimoja tu, stuli ya Mama kupandia. Kesho nitatafuta iliyo imara.