Kiti Kando ya Sabra

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeitwa shuleni! Nikavaa koti la harusi, na vile viatu ambavyo havifungui mdomo nikitembea taratibu.

Ni habari ya Sabra, mpwa wangu. Anakaa kwangu asome, maana dada yangu Zainabu na mumewe wako Ziwani na mikorosho yao, na msimu wa kuokota ndio huu. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Akifaulu, ni mimi. Akifeli, tutaona.

Shule yenyewe ni msingi na sekondari ndani ya ua mmoja. Mwaka jana, darasa la saba, Sabra alikuwa kasuku. Januari akavuka uwanja kwenda kidato cha kwanza, masomo yakageuka Kiingereza, akanyamaza. Kimya mpaka leo! Mwalimu Helena, mama wa kutoka Iringa, mpole hadi anatisha, alisema Sabra hayuko peke yake. Watoto wa katikati, alisema, kuanzia la sita hadi kidato cha pili, ndio wanaozama bila kupiga kelele. Basi wameanzisha Saa ya Viti. Kila Jumamosi asubuhi, viti viwili viwili: kimoja cha mtoto, kingine cha mtu mzima wake wa nyumbani. Mtoto anasoma, anaeleza alichojifunza. Mkubwa anasikiliza.

Akauliza nani atakaa na Sabra. Nikasimama. Nikasema atakaa mtu aliyewafundisha Wazungu Kiingereza kule Msimbati. Ukumbi mzima ukageuka. Sabra akatabasamu, meno yote nje! Sijayaona tangu Ramadhani.

Gideoni naye alikuwepo. Karani wa bandarini, jirani, baba yake Neema, mwenye kigari cheupe. Akanipa mkono akasema kumbe Mzee Zuberi tunaishi na hazina. Alikuwa ananikejeli. Namjua.

Jumapili, 6 Oktoba

Tatizo dogo. Kiingereza sijui.

Msimbati nilikuwa nafyeka majani njia ya bomba la gesi. Lakini Wazungu niliwapikia pweza, wakala, wakazungumza, nikawatikisia kichwa. Asiyeita hilo kufundisha ana wivu.

Zainabu kapiga simu. Kumbe mtoto alishamwambia ameichoka shule, anataka kurudi Ziwani kuokota korosho. Zainabu kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Mtoto akiendelea kuwa bubu atakuja kumchukua, na ukoo wote utajua mjomba mtu nimeshindwa. Ila jana, akasema, Sabra kampigia, kasema atabaki, maana mjomba atakaa naye.

Atakaa naye! Nimekula ubwabwa bila hamu.

Jumatano, 9 Oktoba

Hawa, mke wangu, anasema niende tu nikakae, kwani kusikiliza kunataka cheti? Masikini. Yeye anauza mihogo ya kukaanga, mambo ya elimu yamempita mbali. Mimi niliyefika la tano najua mitego. Kwanza unasikiliza. Halafu unaulizwa umesikia nini.

Nimepata dawa. Jino!

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilifika na shavu limefungwa kitambaa cha Hawa, naugua kwa sauti ya kiungwana. Nikamwonyesha Mwalimu Helena kwa ishara kwamba kusema siwezi. Akasema pole sana mzee wangu, bahati nzuri kazi yako haihitaji kusema. Karibu kiti.

Mtego! Nikaugua zaidi. Nikapiga magoti.

Hapo ndipo Gideoni alipoinuka. Akamwachia Neema kitabu, akanishika kwapa, akasema mzee hawezi kuteseka hivi mbele ya watoto. Akanipakia kwenye kigari chake. Nikasema linapoa. Akasema wanaume ndivyo tulivyo, tunaogopa. Mimi niogope? Niliyevuka Ruvuma mgongoni kwa kiboko? Nikaingia zahanati kifua mbele.

Daktari wa meno akagonga, akachungulia, akasema gego hili zima, kama la farasi. Gideoni amesimama palepale, ameshika koti langu. Ningefanyaje? Nikasema ng'oa.

Akang'oa.

Jumapili, 13 Oktoba

Uji.

Sabra aliomba kuona pengo. Akaliangalia muda mrefu. Akasema pole mjomba. Nikamuuliza jana ilikuwaje. Akasema alikaa, akakisomea kile kiti kitupu kidogo, halafu akaona aibu, akafunga kitabu. Akasema si kitu, wiki ijayo.

Hawa kaniambia gego lile nimekuwa nikivunjia mifupa ya ng'ombe tangu tuoane. Nikaenda kutema mate. Nilikuwa na damu mdomoni.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeamka na akili mpya! Kiti ni cha msikilizaji. Sasa mtu mkubwa kwa nini asikilize? Mtu mkubwa husikilizwa. Nimekwenda kwa Mwalimu Helena, nikasema nitaongea na watoto wote wa katikati kuhusu gesi na maisha yangu. Kwa Kiswahili, nikasema, ili nisiwaonee. Akafurahi! Alhamisi. Akasema wao wana desturi: mgeni akimaliza, watoto humuuliza maswali. Nikasema hata mia.

Nisirudie kusoma sentensi hiyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilianza vizuri mno. Niliwaeleza jinsi nilivyoinusa gesi ya Mnazi Bay nikiwa nakaanga samaki changu, nikawaita wataalamu, nikawachorea mchangani pa kuchimba. La sita walipiga makofi. Nikawapa na kiboko wa Ruvuma. Makofi tena! Kidato cha pili hawakupiga. Umri mbaya ule.

Maswali. Mmoja akauliza kiboko alikuwa na jina? Nikajibu. Mwingine akauliza kwa nini sikupewa hata nyumba na gesi nimeigundua mimi? Nikakohoa.

Halafu mkono ukapanda kule nyuma. Sabra. Akasimama. Akaniangalia mimi tu, akaanza kusema. Kwa Kiingereza! Hakukimbia, hakumeza. Maneno marefu yamenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu Helena ameziba mdomo kwa mkono, macho yanalengalenga. Miezi yote hiyo mtoto hajatoa neno, na la kwanza kanipa mimi.

Mwisho wake alipandisha sauti. Kwa hiyo lilikuwa swali.

Wote wakanigeukia.

Nikaanguka. Ndiyo njia pekee niliyoiona. Nikasema malaria, nikaanguka, kwa ustadi, upande wa koti uliokwisha kuchakaa.

Nilisikia viatu vya Gideoni. Mtu huyu hana kazi? Kumbe alimletea Neema chakula. Akanibeba. Zahanati ileile. Yule daktari wa meno akatoa kichwa mlangoni, akaniuliza kama nimeleta jingine.

Garini Neema alikuwa kiti cha nyuma. Nikamuuliza kiujanja Sabra kauliza nini, eti mimi masikio yaliziba kwa homa. Neema akasema aliuliza hivi: mjomba, ulipofika kwa Wazungu siku ya kwanza na ulikuwa hujui Kiingereza, ulifanyaje?

Ilikuwa hivyo tu.

Nimekaa na swali hili tangu alasiri. Swali la hila kabisa. Nani kamfundisha mtoto kudhani kwamba nilikuwa sijui?

Jumamosi, 19 Oktoba

Mwalimu Helena kaniita pembeni. Kasema kwa hali ya afya yangu shule isingependa kunichosha, kwa hiyo Sabra ameambiwa achague mtu mwingine. Nikauliza ni Gideoni? Hapana. Nikashukuru Mungu. Nikauliza basi nani mwenye elimu?

Hawa.

Mke wangu! Asiyejua A wala B. Kaenda na kanga inayonuka mafuta ya mihogo, kakaa kwenye kiti changu. Nilichungulia dirishani. Sabra anasoma, Hawa anamkatiza: hilo ndilo nini? Sabra anaeleza. Hawa anauliza tena. Sabra anacheka, anachora, anarudia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kimakonde, kwa mikono. Hakuwa bubu hata chembe. Alikuwa mwalimu.

Hawa hata alisinzia kidogo. Mtoto akamgusa goti, wakaendelea.

Nilisimama pale dirishani mpaka jua likanihamisha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Zainabu kapiga simu. Analia kwa furaha. Sabra harudi Ziwani. Akanishukuru mimi. Nikasema si kitu dada, ndiyo kazi ya mjomba. Na ni kweli. Nani alimfungulia Hawa nafasi? Nani alitoa gego? Nimeamua kugombea uenyekiti wa kamati ya wazazi. Huko unakaa mbele, hakuna wa kukusomea.

Sasa ni baada ya alasiri. Sabra ametoka barazani na kitabu. Hawa anamenya mihogo. Nilidhani Sabra ataweka kigoda kimoja, cha kwake. Ameweka viwili. Cha pili amekipangusa vumbi kwa kanga, akakisogeza kando ya cha kwake. Akaita kwa upole, mjomba, leo ni rahisi, njoo tu ukae.

Moyo ukanipasuka. Kweli. Nilitaka kwenda. Mguu mmoja ulishatoka.

Lakini mimi si mjinga. Rahisi! Kwanza unakaa. Halafu unaulizwa.

Nimerudi ndani. Nimefunga shavu. Upande wa pili, maana ule hauna tena la kuuma. Naandika haya kwa haraka, naugua, ili wasikie barazani.

Nasikia gari. Limesimama. Namsikia Hawa akisema yumo ndani, jino tena.

Ni Gideoni. Anavua viatu mlangoni.