Darubini ya Jua na Nyota ya Kilima cha Enkare

(Hotuba ya Ndugu Piusi Qamara, Mwenyekiti wa Kamati ya Darubini, mbele ya wananchi wa Kakesio, Septemba 1985, kiangazi kikiwa kimekaza.)

Ndugu Katibu wa Kamati, ambaye ni shemeji yangu lakini yuko hapa kwa sifa zake mwenyewe, Ndugu Dereva, Ndugu Msaidizi wa Dereva, waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya kamati, waalikwa walioshindwa kufika kwa kukosa petroli, na nyinyi ambao hatukuwaalika lakini mmefika, wazee wa mila mkiongozwa na Mzee Moloimet, Mwalimu Lukresia wa shule yetu ya msingi, ambaye barua zake zote nimezipokea na kuzifungia kabatini, kina mama, takwenya! (Kina mama wanaitikia salamu: "Iko.") Takwenya tena, mbona hamjachangamka? (Ndama analia kwa kiu.) Ndama naye nimemsikia, ahsante.

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba mwaka elfu moja mia tisa na themanini jua lilipatwa mchana kweupe, kuku wakarudi bandani, nami nikasimama papa hapa nikatamka kwamba haiwezekani jua la nchi huru lipatwe bila ofisi kupewa taarifa. Ndipo ikazaliwa Projekti Jumuishi ya Darubini ya Mchana na Usiku, na kwa kasi ambayo haijapata kuonekana tukakizungushia seng'enge kilima cha Enkare pamoja na chemchemi yake, lango tukalitia kufuli, ili vumbi la kwato za mifugo yenu lisije likaingia kwenye lenzi. Leo tuko mwaka wa tano, na kwa mujibu wa takwimu nilizozikusanya mimi mwenyewe nikiwa nimekaa, vumbi lililoingia kwenye lenzi ni asilimia sifuri. (Makofi ya Katibu.)

(Yeyo Nareyu, mjane mwenye mifugo michache, anasimama: "Lango litafunguliwa lini? Tunanywesha mbali, kutwa kwenda, kutwa kurudi. Ndama tisa wamenifia njiani.")

Swali zuri sana, yeyo, mama yetu, kaa chini. Nitalijibu nikishalizunguka kitaalamu.

Kuchagua darubini, ndugu zangu, si kuchagua beberu mnadani, ukamshika mgongo ukaondoka naye. Kuna fizibiliti, kuna spesifikesheni. Kamati ilikaa vikao kumi na vinne ikafikia hitimisho la kisayansi: jua ni kubwa, kwa hiyo linahitaji darubini kubwa, nyota ni ndogo, zinahitaji darubini ndogo. Hapo ndipo Mwalimu Lukresia akatuandikia kwamba mambo ni kinyume, eti usiku ndio unaotaka darubini ya mdomo mpana ili ikusanye mwanga hafifu wa nyota, na jua kwa kuwa lina mwanga wa kumwaga halihitaji ukubwa, linahitaji kichujio madhubuti kifungwe mbele kabisa, kwenye mdomo wa darubini na si huku kwenye jicho. Kwa hiyo darubini moja ingetosha, mchana unafunga kichujio, jua likizama unakitoa. Moja! Ndugu wananchi, mmeona wapi maendeleo ya kitu kimoja? Moja utaiundia kamati ndogo ngapi? (Kicheko huku na huku. Katibu anaandika kwamba hotuba imepokelewa kwa furaha.)

Hata hivyo sisi si watu wa kukurupuka. Tuliazima darubini ya mtalii mmoja aliyekuwa amefikia lodge kule Karatu, tukaifanyia majaribio. Saa nne kamili asubuhi, ndani ya saa za kazi, tuliielekeza juu kutafuta nyota. Hatukuona hata moja. Tukanywa chai, tukarudia saa sita. Hakuna! Kamati ikaandika kwa kauli moja kwamba darubini ile haifai kwa matumizi ya usiku. (Kicheko kikubwa. Mwalimu Lukresia: "Si mngesubiri giza liingie!") Giza si saa za kazi, Mwalimu.

Tukahamia kwenye jua. Mtalii alikuwa amekwenda kreta kutazama wanyama, na kichujio chake mfukoni, nasi hatukuona sababu ya kumsubiri. Katibu akaweka kofia yake nyuma ya darubini ili kuukinga mwanga usipotee, na kabla sijamaliza kusoma ajenda kofia ikatoa moshi ikatoboka. Katibu, waonyeshe. (Katibu anainua kofia. Jua linapita kwenye tundu.) Hiyo ndiyo tunaita impakti! Nilikuwa tayari nimeinama niweke jicho langu pale pale, Mwalimu akapiga ukelele "Utapofuka!", nami kwa moyo wa shukrani nikampa barua ya onyo kwa kupiga kelele mbele ya kikao.

(Mzee Moloimet, bila kuinuka: "Sisi Kilimia, kile kishada cha nyota za mvua, tunakiona kwa macho haya haya. Kikipotea tunajua, kikirudi tunajua. Tulichokosa ni maji.") Mzee wangu, nakuheshimu, lakini macho yako hayajapitishwa na kikao chochote.

Wapo wanaouliza, maana wenye wivu hawakosekani, kwamba wale ng'ombe sitini walio ndani ya seng'enge ni wa nani. Jamani! Ni ng'ombe wa projekti. Wana chapa yangu kwa sababu projekti bado haijapata chapa yake. Kazi yao ni kula nyasi zisirefuke zikaziba mwezi, na wanakunywa pale chemchemini kwa sababu ng'ombe mwenye kiu hawezi kufanya kazi ya kitaalamu. Mmesahau nilipohamia hapa na mifugo yangu mkanipanga zamu ya mwisho? Eti mila ya chemchemi inasema koo zote zinyweshe kwanza, mgeni hunywesha mwisho! Mimi, mtu wa ofisi, nikasimama juani toka asubuhi hadi magharibi namwangalia fahali wangu akilamba mawe. Iliniuma, nasema wazi, iliniuma sana. Lakini sikuweka kinyongo. Niliunda kamati.

(Wanaume waliokaa nyuma wanainuka mmoja mmoja na fimbo zao, wanaondoka kuelekea kilimani.) Naona wengine wanatoka, bila shaka wanawahi kueneza habari njema. Waacheni.

Nikielekea mwisho, ambao ninao katika kurasa sita, niwaambie kwamba mwakani nyota yenye mkia itapita juu yetu. Itatukuta tayari. Na ikitukuta hatuko tayari, wataalamu wanasema itarudi baada ya miaka sabini na sita, na seng'enge yetu itakuwepo. (Yeyo Nareyu anacheka, kwa mara ya kwanza leo.) Umeona, yeyo? Subira yavuta heri. Haya, tuitikie kwa nguvu. Darubini! (Katibu: "Mbili!") Jua! (Katibu: "Kubwa!") Nyota! (Katibu: "Saa za kazi!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Katibu, aliyeendesha mradi wa darubini miaka mitano bila kusumbuliwa na darubini. Nawashukuru wajumbe, ambao hawakuinunua, hawakuiagiza, wala hawakuiombea hata karatasi kutoka ofisi yoyote hapa nchini, wakaridhika na kile kibao cha langoni nilichokipaka rangi kwa mkono wangu. Na zaidi nawashukuru nyinyi wananchi kwa kukipisha kilima, maana ng'ombe wa projekti wamenenepa, wanazaa, na kila nikiwatazama naona... (Kengele za ng'ombe zinasikika kutoka kilimani, nyingi.) Kengele hizo ni za nani? Ng'ombe wa projekti hawana kengele. Katibu! Ufunguo wa lango uko wapi?

(Katibu anautoa mfukoni. Yeyo Nareyu anasimama, anakung'uta vumbi kwenye shuka yake: "Ufunguo kaa nao, Ndugu Mwenyekiti, wamelikata kufuli. Tunakushukuru kwa hotuba ndefu, imetupa nafasi. Koo zote zimeshapangwa, na zamu ya kwanza wamenipa mimi. Na hao sitini wako usiwahofie, wamesogezwa pembeni, maji watapata. Mgeni hunywesha mwisho.")