Kadi Isiyoingia

Jumatatu, 3 Machi
Daftari, niwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Nilikuwa namalizia kitabu changu cha sarufi. Mchapishaji anakitaka kabla ya saa kumi Ijumaa. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Kitabu chote kimo katika kompyuta yangu mpakato, wala hakitoki. Matundu ya flashi yamekufa, mtandao haushiki. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ameshauri fundi aitoe diski na kukinakili. Akaongeza kwamba mashine yenyewe itafaa kuzuilia mlango. Fidhuli. Ubavuni ina nafasi ya kadi ya ziada. Nitatia kadi yenye matundu mapya.

Jumanne, 4 Machi
Kadi imegoma. Inaingia kiasi cha ukucha, basi. Nimeisukuma kwa kidole gumba, kwa rula, kwa kisigino cha kiatu. Mke wangu ameuliza kama nimesoma maelekezo. Nimeyasoma. Yana makosa kumi na moja, na yote nimeyasahihisha kwa wino mwekundu. Kuyafuata ni jambo jingine. Siongozwi na mtu asiyejua kuandika.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda na tupa, napanua mdomo wa ile nafasi. Shemeji alikuja kuazima ngazi, akauliza kama siku hizi shemejiye anachonga vinyago. Hasira zikahamia mkononi. Kadi ikaingia nusu, ikavunjika.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa fundi. Mama mpole hadi anakera. Alitoa vipande vya kadi, akabonyeza kitufe kidogo ubavuni, kikachomoka kipande kitupu cha plastiki. Akasema, pole, Mwalimu, hiki ni kizibo cha vumbi, hutolewa kwanza. Nikamuuliza mbona hilo halikuandikwa. Akanionyesha lilipoandikwa, chini ya wino wangu. Sasa nafasi imepinda, haitapokea kadi tena. Lakini diski, akasema, ni nzima, imekazwa vizuri kwa skrubu zake nne. Kukinakili kitabu ni kazi ya dakika kumi. Maneno yale yale ya shemeji. Nikabeba mashine yangu, nikaondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nane mchana. Mke wangu amesema, mzee, acha ukaidi, kitabu kitatupotea. Shemeji yuko nje, gari linanguruma, eti atanipeleka kwa fundi. Nimewaambia wasubiri. Chini ya betri nimegundua nafasi nyingine ya kadi. Imezibwa na kitu cheusi kilichokazwa kwa skrubu nne. Bila shaka ni kizibo. Maelekezo yanakitaja katika ukurasa wa pili, lakini sentensi ya kwanza tu imenichefua. Nikishaamua kati ya koleo na patasi, nitakuandikia.