Sahihi Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha msimamizi wa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta kiko wazi! Mkuu wetu ametaja masharti mawili: uwe na msimbo wako mwenyewe, yaani mistari ya programu uliyoiandika, ndani ya kiini cha mfumo, na kufikia Ijumaa uwe umekagua na kutia sahihi viraka, yaani marekebisho ya programu, vingi kuliko wenzako. Msimbo ninao. Sahihi nitazitafuta. Mpinzani ni mwenzangu tunayemwita Miwani tu, anayesoma kila mstari mara tatu kama anachambua mchele.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika "Nimekagua" chini ya viraka kumi na tisa kabla ya chai. Miwani, viwili. Siri ni kutosoma. Mke wangu amenionya kwamba haraka haraka haina baraka. Mama mkwe, kusikia habari za viraka, kaniletea suruali ya baba mkwe iliyochanika gotini. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kauliza mbona sahihi zangu hazina maoni. Sasa kila kiraka nakiandikia: punguza mistari kidogo. Dada wa ghorofa ya juu kajibu kwamba kiraka chake kina mstari mmoja. Nimemwambia nidhamu huanzia hapo hapo. Nimeshinda.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kaniletea kiraka chake, mpole ajabu, akaniomba nikisome vizuri. Kinafuta msimbo uliochakaa. Janja yake naijua, anataka kunipotezea muda. Nimesaini papo hapo na kuongeza kwamba aliyeandika takataka hii alikuwa anasinzia, ifutwe yote. Sahihi ya arobaini na moja.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kayasoma maoni yangu kikaoni. Kisha akafungua faili lililofutwa. Juu kabisa, jina la mwandishi: langu. Mistari mia mbili na kumi na miwili, kazi yangu pekee kwenye kiini kwa miaka sita. Miwani kasema alitegemea ningeitetea. Sina msimbo tena, kwa hiyo sina sifa, na kiti kapewa yeye. Imeniuma, sikatai. Niliupenda ule msimbo. Ila orodha ya sahihi imebandikwa ukutani, na wa kwanza ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelala vizuri siku mbili. Asubuhi Mkuu kanipa barua ya majukumu yangu mapya, kurasa nne, akasisitiza niisome kwanza. Nimeangalia jina langu, wameliandika sawasawa. Nimesaini.