Ombi la Kupiga Marufuku Dipropiltriptamini Kuanzia Jumamosi Iliyopita

Isaiah Waithaka,
Uthiru.
17 Agosti 2006

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Dawa Zilizokatazwa,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima na kazi inaendelea. Mimi ni mwalimu wa kemia niliyestaafu. Naomba kwa heshima dawa iitwayo dipropiltriptamini ipigwe marufuku kuanzia Jumamosi iliyopita asubuhi, kabla uji haujaiva.

Nieleze taratibu. Siku hiyo jamaa za kijana Nashon walikuja kwangu kuzungumzia mahari ya binti yangu Shiku. Mpwa wangu Kibe, anayesomea kemia ng'ambo, alikuwa ameacha jikoni unga wa dawa hiyo, wa utafiti wake, ndani ya kopo la glukosi. Mke wangu Njambi hutia glukosi kwenye uji wa wazee. Jioni Kibe alipolitaja kopo lake, tukaelewa yaliyotupata. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dawa hii hutengenezwa maabara. Umbo lake linafanana na serotonini, kemikali ambayo ubongo hutumia kupeleka habari, kwa hiyo hupokelewa humo kama mtu wa nyumbani. Aliyeinywa huona rangi zisizokuwapo na kuwapenda watu waliopo.

2. Mzee Thuo, msemaji wetu, ambaye aliwahi kubishania sikio la mbuzi mpaka wageni wakalala kwetu, alimshika mkono mzee Were, baba yake Nashon, akamwambia kwamba kuhesabu mbuzi ni kuwavunjia mbuzi heshima. Hakuna aliyempinga. Mimi nililia kidogo.

3. Tulimtoa Shiku bila mbuzi hata mmoja, kisha tukawaongezea wageni ng'ombe wetu wa maziwa. Wao walikuwa wamekunywa chai.

4. Wakili mmoja wa Ngara ameniambia hatuwezi kudai kwamba tulileweshwa kwa dawa haramu, maana hii si haramu. Nimeisoma orodha ya dawa haramu. Ndugu za dawa hii wametajwa kwa majina. Yeye, kwa kuongezewa kaboni chache tu, anatembea huru.

5. Isitoshe, mwili wa binadamu hujitengenezea chembe za ndugu yake mmoja aliyekatazwa. Maana yake wazee wote wa Uthiru ni wahalifu tangu kuzaliwa, ilhali uji uliotuponza ni halali. Niko tayari kukamatwa, mradi sufuria nayo ikamatwe.

Naomba uharakishe. Jumamosi hii wanakuja kumchukua bibi harusi pamoja na ng'ombe. Shiku amekwisha kufunga mizigo, na anaimba tangu asubuhi.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule mama wa mapokezi anayeniambia kila mara nirudi kesho.

Wako mtiifu,
Mwalimu Isaiah Waithaka

Tanbihi: Njambi ameisoma barua hii akacheka. Anasema kopo la Kibe hakuligusa. Utepe wake haujabanduliwa. Glukosi ya uji aliinunua dukani. Tafadhali ipige marufuku hivyo hivyo, la sivyo itatubidi tukiri kwamba kijana tulimpenda.