Darubini Juu ya Mitutu Miwili

Jumatatu, 3 Juni
Msafara wa kuwinda nyati umebakiza nafasi moja. Tunaigombea mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tayari anatembea kifua mbele. Jumamosi mtahini atatupima shabaha. Nina siri: nitafunga darubini kwenye bunduki yangu ya mitutu miwili. Mbona watu hawafanyi hivyo? Swali limeninyima usingizi. Labda hakuna aliyewahi kuwaza!

Jumanne, 4 Juni
Fundi bunduki kaifunga shingo upande. Kasema bunduki hii ni ya kupigia karibu, unanyanyua na kufyatua, darubini ya nini? Kisha akaniuliza kama nazipenda nyusi zangu. Sikumwelewa.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwelewa. Nilipofyatua, bunduki ilirudi nyuma kama teke, darubini ikanipasua juu ya jicho. Mke wangu kanibandika plasta huku akicheka mpaka akakaa chini. Lakini ajabu! Mtutu wa kulia unapiga huku, wa kushoto kule. Nikageuza skrubu za darubini kuufuata wa kulia. Wa kushoto ukaniasi. Nikaufuata wa kushoto. Wa kulia ukanuna. Kutwa nzima nimeamua ugomvi wao.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi kasema mitutu iliunganishwa ili risasi za yote miwili zikutane kwenye umbali mmoja tu, wa karibu. Nilenge katikati ya mipigo ya mitutu yote miwili, niache skrubu. Maelezo matamu sana! Nilipofika nyumbani nikazigeuza kidogo tu.

Jumamosi, 8 Juni
Mtihani. Picha ya nyati ikachomoza kichakani. Nikaikuza mpaka bega likajaa darubini yote. Nikafyatua. Katikati! Zamu ya shemeji, picha ileile, kwa macho matupu. Akatazama, akashusha bunduki, akasema hapigi. Nikampa pole.

Mtahini kanifelisha mimi! Kasema nyuma ya bega palikuwa na picha ya ndama, nimetoboa wote wawili. Mwindaji anayejiheshimu hutazama kwanza mnyama mzima na kilicho nyuma yake. Nafasi kapewa shemeji, aliyemwona ndama. Imeniuma, sikuweza hata kula.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Mtahini yuko sahihi: ndama sikumwona. Na kwa nini sikumwona? Kwa sababu darubini moja haitoshi. Kesho alfajiri niko mlangoni kwa fundi. Zifungwe mbili, kila mtutu na yake.