Mnyonyaji wa Betri ya Babu

Jumapili, 3 Agosti

Mwanangu ni injinia wa umeme! Ujumbe umeingia asubuhi nikiwa na sufuria mkononi. Sufuria ikaanguka, nami nusura niifuate. Binti yangu amepita masomo yote. Shahada anapewa Ijumaa hii.

Sasa nakusalimu, shajara. Uniwie radhi, furaha haina adabu.

Nimeshamwambia mwenye duka, fundi cherehani, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na yule bwana anayesoma mita ya maji, ambaye hakuuliza. Kuanzia leo mume wangu ni Baba Injinia. Amekubali. Hukubali mengi ili aachwe asome gazeti.

Mpango ni huu. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka na pikapu yetu, Babu, kumchukua chuoni. Babu anamzidi injinia miaka sita. Magunia yote ya chakula cha kuku ninachouza amebeba yeye, na ada ya mtoto imetoka mgongoni mwake. Kwa hiyo mtoto atarudi nyumbani ndani ya Babu, mtaa mzima umesimama nje.

Kuna jambo moja tu. Wiki ya tatu hii Babu akilala mzima anaamka maiti. Jioni anaunguruma, asubuhi betri haina hata nguvu ya kuguna. Leo tulikuwa tunamsukuma, wifi yangu, dada wa mume wangu, akapita na kile kigari chake chenye kiyoyozi. Kashusha kioo nusu. Kasema, "Wifi, Ijumaa msijisumbue, mtoto nitamleta mimi. Injinia wa umeme hapokelewi na gari lisilo na umeme."

Majirani wamecheka. Nimemjibu kwamba Babu atawaka kwa ufunguo, bila kusukumwa. Akasema asipowaka je? Nikasema basi utamleta wewe. Mdomo huu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemleta fundi umeme wa magari. Kapima betri, kasema nzima. Kapima inavyochajiwa, kasema sawa. Kasema kuna kitu kinanyonya gari likiwa limelala. Nikamwambia basi akitoe. Kasema anakwenda kwenye malori ya machimbo ya mawe hadi Alhamisi.

Ila kaniachia taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, na kanifundisha. Unazima gari. Unavua waya wa hasi kwenye betri. Waya mmoja wa taa unaushikisha kwenye betri, mwingine kwenye ule uliovuliwa. Balbu ikiwaka, mnyonyaji yupo kazini. Unachomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoizima balbu, hapo ndipo alipojificha.

Nimeelewa mara moja. Akili za mtoto hazikuokotwa njiani.

Baba Injinia kauliza kwa nini tusivue tu waya wa betri kila jioni na kuurudisha asubuhi. Nimemuuliza kama anataka nifike chuoni na spana mfukoni, nimeinamia boneti mbele ya dada yake. Karudi kwenye gazeti.

Injinia kapiga simu. Kauliza hali ya Babu. Nimesema yuko ngangari. Siwezi kumsomesha mtoto miaka minne halafu kazi yake ya kwanza iwe aibu ya mama yake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemkamata!

Saa nane mchana, jua kali. Nilifungua mlango wa dereva ili nizifikie fyuzi, nikafunga taa ya fundi kama nilivyofunzwa. Balbu ikawaka. Fyuzi ya kwanza, bado inawaka. Ya pili, vilevile. Ya tano, balbu ikazimika. Yaani ilififia sana, ikabaki kaucha ka mwanga, lakini kwa jua lile nilihesabu imezimika.

Fyuzi ya tano ni ya taa ya ndani, ile ya kwenye dari. Nimeing'oa taa yenyewe nikaitia kwenye kikombe kabatini. Nimewaita majirani wote wawili wakamwone mnyonyaji. Jirani wa kushoto kasema mbona mdogo. Nimemwambia na kupe je?

Nimemtumia wifi salamu aje kesho asubuhi ashuhudie mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Babu hakuguna.

Wifi alishuhudia. Alikuja amebeba nyaya za kuazimia umeme wa betri, kazikunja vizuri kama mkufu. Kauliza kama injinia atakuja anasukuma au atakaa nyuma tumsukume. Jirani wa kulia, ambaye jana alinipa mkono, kacheka kuliko wote.

Alipoondoka, Baba Injinia kaweka gazeti chini, jambo la nadra. Kasema mlango ukifunguliwa taa ya dari huwaka yenyewe, sasa mimi nilipima mlango ukiwa wazi. "Mama Injinia, umemfunga aliyekuja kukumulikia mwizi." Nimemuuliza kama alijua tangu jana. Kasema nilikuwa na furaha sana.

Sikulia. Nimerudia upya, milango imefungwa, nimeingiza mkono dirishani. Nikachomoa fyuzi zote, moja baada ya nyingine, hadi Babu hana hata moja. Balbu bado inawaka! Kwa unyonge, lakini inawaka. Umeme unapitia wapi? Nikaona wazi kwamba taa ya fundi ni ya uongo.

Njia ya kuthibitisha ni kuipima kwenye gari lisilo na ugonjwa. Nikaenda kumjulia hali wifi. Alikuwa anaoga. Kigari kipo uani, hakijafungwa. Nimefungua boneti, nimevua waya, nimeshikisha taa. Ikawaka! Nikasema loo, taa ni mwongo kweli. Niliporudisha waya, king'ora cha kigari kikaanza kupiga kelele kama kimefiwa. Wifi katoka na povu masikioni. Nimemwambia nilikuwa namtazamia oili, wifi ni ndugu.

Sasa, kwa ule waya kuvuliwa, redio yake imejifunga, inadai namba ya siri ambayo wifi mwenyewe haijui. Kasema Ijumaa atakuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, tena amevaa nguo mpya.

Alhamisi, 7 Agosti

Fundi karudi. Nimemweleza yote isipokuwa ya wifi. Kasema taa yake haisemi uongo, hata king'ora cha gari zima huiwasha. Kama fyuzi zote zimetoka na balbu inawaka, basi upo waya usiopita kwenye fyuzi, umetoka kwenye betri moja kwa moja.

Kapapasa kwa vidole. Kaupata. Waya mwekundu mwembamba, umeviringishwa utepe mweusi kwa ufundi mzuri. Kaufuata ukutani mwa injini, ukaingia ndani, ukapita chini ya zulia, ukaelekea chini ya kiti changu. Baba Injinia alikuwa nyuma yetu. Mimi hapo nilianza kukohoa.

Shajara, nilisahau. Naapa nilisahau. Wiki tatu zilizopita, kabla hata matokeo hayajatoka, nilimwita fundi redio anifungie mashine ya kukuza sauti na kipaza chake, ili siku ya kumleta mtoto niweze kutangaza njia nzima. Baba Injinia alikuwa ameshakataa kelele, ndiyo maana ikafichwa chini ya kiti. Fundi redio alisema aiunganishe na ufunguo, gari likizimwa nayo izime. Nikakataa. Je, nikitaka kuongea gari likiwa limesimama? Nikamwamuru afunge moja kwa moja kwenye betri. Tangu siku hiyo imewaka, usiku na mchana, na kitaa chake chekundu, inasubiri nianze kusema.

Fundi kauliza nani alifunga hiki. Nimesema magari ya zamani yalikuja na vitu vingi kutoka kiwandani.

Baba Injinia kaanza, "Kikulacho..." Nimemwomba amalizie ndani.

Fundi kataka kuing'oa. Nimesimama mbele ya mlango. Tumepatana aitie swichi na fyuzi yake. Kapima tena, mlango umefungwa. Balbu giza. Kaniwekea kidole changu juu ya swichi kama anamfundisha mtoto. Hapa imewaka, hapa imezimika, mama. Nimeizima mwenyewe, nikarudi kuihakikisha mara nne.

Ijumaa, 8 Agosti

Babu kawaka kwa ufunguo, mara moja! Wifi alikuwa getini na nguo mpya. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Haya, kazee kamejitahidi." Nikamwambia atufuate, mtoto ana shangazi mmoja tu.

Niliona jina lake likiitwa. Alivyopita na lile joho, anatembea kama baba yake, bila haraka. Baba Injinia alipangusa macho kwa ratiba ya sherehe. Mimi sikuona vizuri.

Nje, wifi alimfungulia mlango wa kigari. Mwanangu kamkumbatia, kamshukuru, kisha kapanda kwa Babu na joho lake, katikati yetu, miguu juu ya gunia lililosahaulika. Kasema, "Mimi nililetwa chuoni na huyu, nitarudi na huyu."

Nilitangaza njia nzima. Jina lake, somo kwa somo. Alinisihi nipunguze, nikapunguza kidogo.

Tulipofika alifungua boneti, joho likiwa bado mwilini, akaufuata ule waya hadi mwisho. Hakucheka. Kasema swichi imefungwa vizuri, ila niahidi, mama, kitu kingine kisiguse tena betri moja kwa moja. Nimeahidi mbele ya shangazi yake.

Jumapili, 10 Agosti

Ijumaa watu wengi hawakuwepo. Fundi cherehani alisafiri. Msoma mita hatujamwona. Furaha ya namna hii haiwezi kuachwa iliwe nusu.

Kwa hiyo nimeandaa kusanyiko, na jana, mwanangu alipokwenda kuwasalimu rafiki zake, nilimwita tena fundi redio. Juu ya Babu sasa kuna bango la balbu ndogo za rangi, linasomeka MAMA INJINIA. Linapendeza mno. Alitaka kulipitisha kwenye swichi, nikamwambia swichi ni ya mashine ya sauti, hili ni bango, mambo mawili tofauti. Kalifunga betrini. Linawaka daima, hata Babu akiwa amelala, kwani wapitao hawachagui saa.

Asubuhi hii Babu alisita kidogo kuwaka. Ni umande.

Nimeshawaambia wote: wifi na jirani zake, majirani wa pande mbili, fundi umeme na mkewe, wateja wangu wote wa chakula cha kuku. Waje Jumamosi, tarehe 16, saa nane mchana. Wa mbali watafuatwa na Babu.